Bilauri Nyekundu za Bi Khairiya

Jumatatu, 4 Machi 1974

Kule jeshini, JKT, walitufundisha kuandika kila tulichokifungua na kila tulichokifunga. Leo nimefunga taa saba kwenye tela la ushirika, kwa hiyo daftari linaanza leo. Jina langu liko kwenye jalada: Sesilia, fundi umeme wa magari, Ushirika wa Wachongaji, Mtoni.

Tela linavutwa na lori kwenda Rufiji kuchukua magogo ya mpingo. Magogo ni marefu, yanachungulia nyuma hatua mbili nzima, na mpingo ukilowa mvua usiku humwoni hata mtu aliyeubeba. Mwezi uliopita askari wa barabarani walimsimamisha kaka yangu Nikodemu, dereva wetu, wakamwambia taa za tela haziwaki, na masika yakianza wasilione tena barabarani namna hiyo. Masika ndiyo haya yanabisha hodi. Bila tela hakuna mpingo, na bila mpingo wachongaji ishirini na wawili watakaa wanatazamana.

Nimefunga nyekundu nne, mbili za rangi ya chungwa, na nyeupe moja kubwa nyuma ya kumsaidia akirudi kinyumenyume. Nikodemu kazunguka tela lote mikono nyuma. "Sesi, tunapeleka magogo au bibi harusi?"

Jumatano, 6 Machi

Nimemkuta Nikodemu kachomoa plagi ya tela, inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Na ndiyo kwanza nimemaliza kuifunga upya. Nikamuuliza kwa nini. Anasema betri imechoka, asipochomoa akiwa njiani, asubuhi lori haliwaki, na siku zote huchomoaga. Siku zote! Yaani miezi yote hiyo alikuwa anarudi na giza nyuma yake, kwa makusudi. Nimemwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa. Mkewe, Yuliana, kasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nakaa kwao, nakula kwao, lakini plagi ni plagi.

Kaniahidi hatachomoa tena.

Ijumaa, 8 Machi

Tumefeli. Mkaguzi wa magari, Afande Gregori, kaangalia taa zangu kama daktari anavyoangalia upele.

"Hii nyeupe ya nyuma ya nini?"

"Ya kurudi nyuma, afande."

"Inawaka wakati wote. Anayekuja nyuma atadhani gari linamjia usoni. Toa. Na hizi nyekundu nne, mbili umeziweka ubavuni zinatazama mbele. Toa." Kisha akanionyesha kwa fimbo: nyekundu moja kila pembe ya nyuma, na moja mwisho kabisa wa magogo, inayofungwa mzigo ukishapakiwa. "Taa nyingi si usalama, binti. Usalama ni anayekuja nyuma ajue anachokiona."

Nilinuna hadi nyumbani. Usiku huu nakubali kwamba anasema kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Nimezunguka maduka ya vipuri tangu Kariakoo hadi Temeke. Hakuna kioo chekundu cha taa ya nyuma hata kimoja. Fedha za kigeni hakuna, wanasema, meli ikija tutakuarifu. Vile vinne nilivyokuwa navyo vilikuwa vikuukuu, vimepasuka nikizihamisha taa, mwanga mweupe unavuja. Balbu ndogo nazo hakuna, nimepata zile kubwa za indiketa.

Nikapita dukani kwa Bwana Muhsin kununua waya. Hayupo, kaenda shambani kwake Vikindu. Mkewe, Bi Khairiya, ndiye aliyekuwa dukani. Nikamlilia shida yangu ilimradi nimsemeshe tu. Akasema, "Ngoja, mwanangu." Akaingia ndani, akatoka na bilauri nne nyekundu, nzito, zimefungwa kwenye kanga. Nyekundu kweli kweli, ukiishika juani mkono wako wote unakuwa mwekundu.

"Za harusi yangu. Miaka kumi na tatu ziko kabatini, hazijanywewa hata maji. Tatu za tela lako. Ya nne ya akiba, maana nyie mafundi mnavunja."

Nikasema siwezi. Akasema, "Kitu kisichotumika ni cha nini? Bora kikamlinde mtu njiani." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Alhamisi, 14 Machi

Bilauri lazima ikae kwenye kitu. Bati tulilonalo ni la kutu. Mzee Polikarpo, mkubwa wa wachongaji wote, kaniambia nimwachie yeye. Leo kaniletea vikombe vinne vya mninga, kila kimoja kina mdomo wa kuipokea bilauri na tundu la waya nyuma. Nilifikiri ataniletea vibao. Ameviwekea nakshi pande zote, watu wamebebana mabegani, na vyote vimeng'arishwa kwa dawa ya viatu nyeusi mpaka huwezi kujua si mpingo.

"Mzee, hii ni taa ya tela."

"Najua. Lakini inatoka mkononi mwangu."

Nimefunga balbu, nimewasha dakika tano. Hakuna kinachovuja, hakuna kinachocheza. Wachongaji wote wameacha kazi kuja kutazama. Najisikia fundi.

Jumatatu, 18 Machi

Tumepita. Afande Gregori kainama, kagonga mbao kwa kidole, kacheka peke yake. "Sheria inataka nyekundu, ionekane, isilegee. Haijasema kitu juu ya vinyago." Akatia sahihi kwenye daftari lake na langu. Taa ziliwaka muda wa kuandika sahihi mbili.

Ya nne, ya akiba, Mzee Polikarpo kaniambia niiweke chumbani kwangu mpaka itakapohitajika.

Jumatano, 20 Machi

Mvua.

Jumamosi, 23 Machi

Safari ya kwanza imerudi saa tisa alasiri, jua kali. Plagi iko mahali pake. Nimemsifia Nikodemu, akasema niandike kwenye daftari langu. Haya, nimeandika.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Choo cha jirani kimeanguka.

Jumatatu, 8 Aprili

Lori limeondoka alfajiri. Nikodemu anataka kurudi kabla ya Ijumaa Kuu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kutwa. Hawajarudi. Yuliana anasema kivuko cha Rufiji kimewachelewesha. Nami nasema hivyo hivyo.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi. Yuliana yuko chumba cha pili analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Jana saa moja jioni, karibu na Kongowe, pikapu imeligonga tela letu kwa nyuma. Mvua ilikuwa kubwa. Magogo yameingia kioo cha mbele cha pikapu, yakatoka na nusu ya paa. Aliyekuwa anaendesha yuko hospitali, uso hautazamiki. Nikodemu yuko mahabusu.

Askari aliyeleta habari alisema yote hayo nikiwa nimesimama vizuri tu. Kisha nikauliza mwenye pikapu ni nani. Akasema ni mwenye duka wa Mtoni, alikuwa anatoka shambani Vikindu, anaitwa Muhsin.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope, na yule askari akawa ananiuliza, huyo ni ndugu yenu? Nikasema hapana.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kituoni asubuhi. Bwana Muhsin alipata fahamu usiku, kasema maneno mawili tu: hapakuwa na taa. Nikodemu anasema alishuka Kimanzichana, giza likianza kuingia, akazunguka nyuma, taa zote tatu zinawaka kama jiko. Kasema vivyo hivyo mara tatu na hajabadilisha neno. Lakini askari waliofika Kongowe waliikuta plagi ya tela inaning'inia. Yeye anasema ilichomoka kwa kishindo.

Aliniahidi.

Afande Gregori kaniuliza polepole, hata bila ukali, "Wewe ndiye fundi. Dereva huyu ana tabia ya kuchomoa plagi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikafungua daftari hili, nikamwonyesha tarehe sita Machi. Aliinakili yote, pamoja na "siku zote huchomoaga". Nikatia sahihi.

Nikodemu alikuwa upande wa pili wa kaunta. Alinitazama tu. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa.

Pasaka, 14 Aprili

Yuliana kapika, hatukula. Kanisani watu wanatupisha kwenye benchi.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Dhamana imekataliwa. Mwenyekiti wa ushirika kasema ndugu dereva akipatikana na hatia ni jela, si chini ya miaka miwili, na tela halitaruhusiwa tena barabarani. Yuliana ana mimba ya miezi sita. Alipomaliza kusikiliza aliniambia, "Umeandika vizuri, wifi." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 25 Aprili

Bwana Muhsin wamemtoa jicho la kushoto.

Nilikuwa napita mbele ya duka. Bi Khairiya aliniona, akashusha mlango wa duka taratibu, mpaka chini. Mwezi uliopita aliniita mwanangu.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Sikuandamana. Wachongaji hawana mpingo, wanachonga vijiko kwa miti ya mwembe. Nimemkasirikia Nikodemu siku kumi na tisa mfululizo. Plagi, plagi, plagi. Nikilala naiona inaning'inia.

Jumapili, 5 Mei

Saa moja jioni. Mvua haijakata tangu asubuhi, mafuta ya taa yamekwisha nyumbani na dukani kwa Bwana Muhsin hatuwezi kwenda. Nimechukua betri ya gereji, nimeunga ile taa ya akiba, bilauri ya nne. Chumba kizima chekundu, karatasi nyekundu, mkono wangu mwekundu. Nzuri mno. Mtu kuitengeneza taa namna hii na bado kaka akachomoa plagi. Sijui hata namwandikia nani.

Yuliana kapita, kasema inanuka. Kweli, kuna harufu, kama viatu vya paredi JKT.

Nimesimama kumwaga ndoo ya mvua, nimerudi. Macho yamechoka, herufi sizioni vizuri.

Si macho. Taa inafifia. Nimepima betri kwa waya, inatoa cheche safi, betri nzima kabisa. Balbu naiona kwa ndani kama kaa la moto kwenye majivu. Kuna kitu kinateremka kwenye kioo, kwa ndani, polepole, cheusi.

Siandiki tena kwa taa, naandika kwa kukisia. Dawa ya viatu. Mzee aliipaka ndani ya kikombe pia, pande zote, mpaka juu ya balbu. Balbu kubwa, joto kubwa. Imeyeyuka, imetiririka ndani ya bilauri na kuipaka yote. Kwa dakika tano huioni. Kwa saa moja ya barabara

Imezima. Balbu inawaka lakini taa imezima.

Jumatatu, 6 Mei

Sikulala. Alfajiri nilikuwa uwanja wa kituo, kwenye tela. Taa ya mwisho wa magogo imesagika, ya pembe ya kulia pia. Ya kushoto ni nzima, imejaa matope nje. Nimeyafuta, bado nyeusi. Nimeingiza kidole ndani, kimetoka cheusi, kina mafuta, kinanuka viatu. Askari wa zamu kaniuliza ninalia nini.

Nikodemu alisema kweli. Kimanzichana ziliwaka, kwa sababu zilikuwa zimewashwa sasa hivi tu. Alitimiza ahadi yake, akaendesha saa nzima na nyuma yake giza asilolijua, na mie nikamfunga kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sasa nani wa kulaumiwa? Balbu nilichagua mie. Dakika tano nilipima mie. Dawa aliipaka mzee wa miaka sabini ambaye hajawahi kutoa kinyago kisichong'aa. Nikisema, nampeleka yeye mahabusu. Nisiposema, Nikodemu anabaki.

Nimemwambia Afande Gregori nataka kumwonyesha taa. Kasema kesho saa nne. Kasema pia, "Unajua sahihi yangu iko humo daftarini mwako."

Jumanne, 7 Mei

Mzee Polikarpo kang'ang'ania kunibebea betri. Nilimwambia ni mambo ya kituoni, hayamhusu. Kasema, "Betri nzito, binti yangu." Sikumwambia kitu njia nzima, na yeye hakuuliza.

Bilauri ya nne nilikuwa nimeiosha, kikombe nimekipaka dawa upya kama kilivyokuwa, ndani na nje, kopo lile lile. Nikaiweka mezani kwa Afande Gregori, nikaunga waya. Ikawaka.

"Inawaka," akasema.

"Naomba tusubiri, afande."

"Mpaka lini?"

"Saa nzima."

Akatazama dirishani, mvua inapiga, akavuta kiti. Nikodemu kaletwa, kasimama karibu na mlango na askari wake. Tulikaa watu watano tunaitazama taa. Dakika ya kumi Afande kaanza kusoma mafaili. Dakika ya ishirini kanusa hewa, kaangalia viatu vyake. Dakika ya thelathini akaliweka faili chini. Ule weusi ulikuwa umeanza kuteremka, mstari mmoja kwanza, halafu pazia. Nilikuwa simtazami mzee. Nilisikia tu anavyohema.

Dakika ya arobaini bilauri ikawa nyeusi kama mpingo.

Afande Gregori aliigeuza geuza, akachungulia ndani, akatia kidole. "Nani kapaka hii?"

"Mie ndiye fundi," nikasema. "Taa ni yangu. Balbu ni yangu."

"Sikuuliza taa."

"Nimepaka mimi," Mzee Polikarpo akasema. Kasimama, kofia mkononi. "Ndani na nje. Ndani hakuna anayeona, lakini mie najua kama pamebaki kweupe." Kisha akamgeukia Nikodemu, mzee huyu ambaye sie wote tunamwamkia kwa kuinama, akapiga magoti kwenye sakafu ya kituo. Nikodemu alimwahi, akamshika mabega, akamwinua. Askari wake alisahau hata kumzuia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, si kwa hicho.

Afande akafungua daftari lake la ukaguzi, ukurasa wa tarehe kumi na nane Machi, akauweka mezani kando ya bilauri. "Na mie nilitazama muda wa sahihi mbili tu," akasema. "Nitaandika yote. Ya mzee, yako, na yangu."

Jumamosi, 11 Mei

Nikodemu ametoka. Shtaka limefutwa. Ushirika umepewa onyo, tela limesimamishwa mpaka ipatikane taa ya dukani. Afande Gregori, nasikia, kahamishiwa ofisi ya kupiga chapa barua. Mzee Polikarpo hawakumshtaki, lakini tangu Jumanne hajashika patasi.

Nilimwambia kaka samahani jikoni, mbele ya Yuliana, kwa sababu nilimshtaki mbele ya watu. Alikuwa anakula. Akasema, "Uliandika ulichokiona. Lakini hukuniuliza." Akaendelea kula. Baadaye Yuliana kanipakulia na mie.

Jumapili, 19 Mei

Jua siku ya tatu. Nadhani masika yanaaga.

Niliichemshia maji ile bilauri, nikaisugua kwa majivu na sabuni mpaka ikarudi kuwa nyekundu, nikaifunga kwenye kanga na kwenda kwa Bi Khairiya. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Nilipiga hodi nikijua nitafukuzwa.

Hakunifukuza. Alikwisha sikia. Aliifungua kanga, akaishika bilauri muda mrefu. Nikamwambia tatu sikuweza kuzirudisha. Akanikonyeza ninyamaze, sikuelewa kwa nini. Ndani sauti ya Bwana Muhsin ikaomba maji. Bi Khairiya akatazama huku na huku, hakuona kikombe kingine; mtungi ulikuwa hapo, bilauri iko mkononi, akaijaza, akaniashiria nimfuate.

Bwana Muhsin alikuwa amekaa kitandani, bandeji imefunika nusu ya uso. "Shikamoo, Bwana Muhsin." "Marahaba." Akapokea bilauri, akainua kuelekea dirishani, na nusu ya uso isiyo na bandeji ikawa nyekundu.

"Hii si ya harusi yetu, Khairiya? Umeitoa leo?" Akatabasamu kidogo, kwa upande ulio mzima. "Zilikuwa sita. Kabatini naona mbili tu. Nyingine ziko wapi?"

Bi Khairiya alitazama mkeka. Ndipo nikaelewa. Hakumwambia mumewe siku alipozitoa, na tangu Kongowe ameshindwa kumwambia. Mwezi mzima anamwosha kidonda na amenyamaza. Ule mlango wa duka hakunishushia mie, alikuwa anajificha.

Ningeweza kuaga nikaenda zangu.

Nikakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya kitanda, nikaanza tarehe nne Machi. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye kanga, nilisema maneno yake kama nilivyoyaandika, kwamba bora kikamlinde mtu njiani. Bi Khairiya alijifunika uso kwa mtandio. Bwana Muhsin hakunikatiza hata mara moja. Maji hakuwa ameyagusa.

Nilipomaliza, aliizungusha bilauri mkononi.

"Ziliwaka vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana," nikasema. "Kwa dakika arobaini."

Akaitikia kwa kichwa. Akanywa maji yote, akampa mkewe bilauri, na mkewe alipokwisha kuipokea, yeye hakuuachia mkono wake.